Molekuli Mpya Kutoka Zombo

Leo nimeaibika, na naandika haraka kabla baba mdogo hajafika Kilosa kuwasimulia kwa mdomo wake.

Mnakumbuka niliporudi kutoka ughaibuni na diploma yangu ya maabara (niliyojisomesha mwenyewe, sikubebwa na mtu), alisema mbele ya watu kwamba nitaishia kuosha chupa za wenzangu. Nikaapa kumwonyesha. Nikaomba nafasi kwenye kituo cha utafiti cha Mikumi, chenye ile sumaku kubwa inayosoma molekuli za viumbe. Mashine ni moja, na nchi jirani zote zinaipangia foleni. Nimesubiri miezi minane kupata saa mbili.

Sampuli yangu ilikuwa dawa ya kikohozi ya Bibi Eliza wa Zombo. Aliponipa chupa alitaka kunieleza anavyoichemsha. Nikamkatisha kwa adabu, nikamwambia mashine itasema yenyewe. (Kumbukeni maneno hayo.)

Leo nikawachukua yeye na baba mdogo wakashuhudie. Mlangoni nikawavua kila chuma, hata pini za kilemba cha Bibi, huku nikiwahutubia kuhusu sumaku. Mtaalamu wa zamu, dada mmoja kutoka Kampala, akaingiza dawa ndani ya mrija mwembamba wa kioo, akautumbukiza kwenye mashine. Tukasubiri. Kwenye skrini vikapanda vilele virefu, safi, vimejipanga kama gwaride.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba hii ni molekuli ambayo dunia haijaiona, na kwamba jina nimeshaipa. Jina langu. Nikapiga picha nikairusha kwenye kundi letu. (Mlionipongeza nawashukuru. Sasa ifuteni.)

Yule dada akarudi kwenye kompyuta. Akafungua michoro ya molekuli zinazojulikana, akachagua mmoja, akaulaza juu ya wangu. Ikalingana kilele kwa kilele.

"Kaka, hii ni sukari," akasema taratibu. "Ya mezani. Imejaa mpaka sioni kitu kingine. Hii dawa imetengenezwaje?"

Nikamgeukia Bibi Eliza.

"Nilitia vijiko sita, mjukuu wangu. Bila hivyo watoto wanaitema. Siku ile nilitaka kukwambia, ukasema mashine itasema yenyewe."

"Basi imesema," akajibu baba mdogo.

Saa mbili zangu zikaishia hapo. Dada akamsalimia Bibi upya, shikamoo ya kuinama kabisa, akamwomba alete chupa isiyo na sukari. Zamu ijayo imeandikwa jina la Bibi. Mimi nikakabidhiwa ule mrija nikauoshe, na baba mdogo akasogeza kiti aone vizuri.

Sukari inanata, jamani.

Kwa hiyo wote mlionikopesha dharau niliporudi, leo nimewalipa mpaka senti ya mwisho. Nataka risiti, sitaki vicheko.