Paneli ya Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Taa nyekundu tena. Siku ya tano. Kila asubuhi inveta ya zahanati, mashine inayogeuza umeme wa jua, inawaka nyekundu na kukata umeme wote. Saa sita, jua likishapanda, inarudi kijani yenyewe, kama mtoto aliyechoka kulia. Bosi anasema umeme unavuja. Waya fulani juu ya paa umechubuka na kugusa fremu ya paneli, na umande unazidisha. Wapi? Hajui. Paneli ni kumi na mbili.

Halafu akatoa lililomleta. Kazi hapa inakwisha Jumamosi. Kampuni itabakiza kibarua mmoja tu na kumpa cheo cha fundi. Mwingine atapanda basi arudi kwao. Tuko wawili, mimi na Miwani. Nalala naye chumba kimoja. Ni mtu anayekunja hata soksi.

Mimi siwezi kupanda basi. Mke wangu ameshawatangazia kwao kwamba mimi ni fundi mkuu. Amewatangazia kwa sababu nilimwambia. Mwaka jana.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kama ugonjwa ni umande, dawa ni tambara. Nimepanda paani kabla ya jua, nikafuta paneli zote kumi na mbili. Saa moja taa ikawaka kijani. Sista, mkuu wa zahanati, amenishukuru kwa niaba ya friji yake ya chanjo. Bosi aliuliza nimefanya nini. Nikasema nimerekebisha.

Miwani akauliza nimerekebisha wapi, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Nikamwambia hiyo ni siri ya ufundi. Akalitazama tambara. Lilikuwa fulana yake.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mvua. Mvua haifutiki. Nimejaribu.

Taa nyekundu. Sista alisema chanjo zikiharibika, akina mama waliokuja kwa miguu watarudi na watoto wao mikono mitupu. Alinieleza mimi, kwa kuwa ndimi niliyerekebisha. Bosi ameanza kuniita Injinia, na si kwa heshima.

Mvua ilipokatika Miwani alitoa mita yake ya kupimia umeme. Akapima upande wa chanya na fremu, kisha upande wa hasi na fremu, akagawanya namba kwenye daftari. Shule niliiacha palepale kugawanya kulipoanza kuwa na mabaki. Lakini kusoma najua. Alipokwenda kunywa chai nikalifungua daftari. Paneli ya tatu. Ameipigia mistari miwili.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimewahi kabla yake. Nimehesabu kutoka kwenye ngazi, nikafungua paneli ya tatu. Waya mzima, kama ndiyo umetoka dukani. Nikafunga, nikafungua tena. Nikaikaripia.

Bosi akauliza kutoka chini, vipi Injinia, umeipata? Nikajibu nimeipata. Mdomo wangu hauniombi ruhusa. Basi ikabidi niipate.

Kuna waya wa ethi, wa kijani na njano, unaoshusha ardhini umeme unaovuja. Nikawaza: inveta inalia kwa kuwa inausikia umeme ukishuka. Usiposhuka, itasikia nini? Nikaukata kwa plaizi, ncha nikaificha chini ya fremu. Taa kijani, umande ukiwa palepale. Sista amenipa chai ya sukari nyingi.

Miwani hakupewa chai. Akaniambia, jirani, hiyo imenyamaza tu, haijapona, kesho nitapanda nikaitazame. Nikamwambia kijicho kitamuua.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Bora nisingesema vile.

Alipanda saa tatu, jua limeshawaka. Mkono wa kulia aliuweka kwenye fremu, wa kushoto ameshika bomba la tangi la maji, mita ameibana kwapani. Umeme wote niliounyima njia ukapita kwake. Nilichosikia ni mita ikianguka juu ya bati.

Tulimshusha mimi na Bosi. Kiganja kimeungua hadi ndani, vidole viwili havikunji. Sista alisema kuwa hai ni bahati tu.

Wote walipokuwa ndani, nikapanda kuuunganisha waya wa ethi. Nilizima swichi kwanza. Mimi si mjinga. Nilipowasha, taa ikarudi nyekundu. Nikamwambia Bosi kwamba Miwani alipanda kuniharibia kazi kwa wivu. Bosi aliamini. Au alichoka.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Miwani aliniita kitandani kwake. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema: jirani, paneli ya tatu inahesabiwa kutoka upande wa chanya, siyo kutoka kwenye ngazi. Ni ile ya karibu na tangi. Nenda, chanjo zitaharibika. Nikamuuliza kama amemweleza Bosi habari za waya wa ethi. Akasema Bosi hakumuuliza.

Nikaenda. Waya umebanwa chini ya kibano, ganda limepasuka. Kibano kimekazwa kwa nguvu za mtu mwenye hasira, na chini yake kuna kipande cha ndala nyekundu cha kuzuia kelele. Hapa ni mimi tu ninayetia ndala chini ya vibano. Ni uvumbuzi wangu.

Ndala nikaitupa nyuma ya tangi. Nikabadilisha waya. Taa kijani, ya kweli safari hii. Bosi amenipa mkono: fundi.

Miwani alipanda basi saa nane, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Mita aliniachia. Alisema mkono wa kuishika hana.

Nimempigia mke wangu, nikamwambia nimepandishwa cheo. Akauliza, Baba Watoto, kwani juu ya fundi mkuu kuna nini?

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kazi mpya. Shule ya msingi, paneli ishirini. Ngazi ya chuma imeegemea fremu, na watoto wanaishika wakipita. Taa nyekundu. Mwalimu mkuu aliniuliza, fundi, itachukua muda gani? Nikamwambia kabla ya kengele ya mapumziko.

Nimeitoa mita ya Miwani. Haiwaki. Nilisahau kwamba betri zake nimezitia kwenye redio.

Si kitu. Plaizi ninayo.