Umeme Tulivu

Heri huvuta subira. Wahenga waliisema methali hii kichwa chini miguu juu, na Wizara ya Nishati imeirekebisha rasmi.

Mimi ndiye Msemaji wa Wizara. Nina heshima kuutangazia umma kwamba mseto wetu wa nishati umekomaa. Zamani tulitegemea maji ya bwawa, na bwawa likikauka tulitegemea dua. Ikaja gesi, likaja jua, ukaja upepo. Leo vyote hivyo vimepitwa na chanzo kipya: umeme tulivu.

Wenye ndimi chafu huuita "kukatika kwa umeme." Ushamba. Umeme usiotumika umeokolewa; uliookolewa upo; na uliopo umezalishwa. Hautoi moshi, haukaushi mto, wala haungoji vipuri kutoka ng'ambo. Waziri aliposikia ufafanuzi huu alinyanyuka kitini kunipongeza.

Dada yangu hakunyanyuka. Yeye hutotolesha vifaranga kwa mashine ya umeme, nyuma ya soko. Mashine ikipoa, mayai yanakufa.

"Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "vifaranga wanalia ndani ya maganda. Utulivu wenu ukija leo, nitaokota mizoga."

"Dada, ndio umeme safi kuliko wote."

"Kama ni mtamu hivyo, mbona hamuulambi nyinyi?"

Niliitafakari hoja hiyo kitaalamu. Kweli, si haki chanzo bora cha taifa kuishia kwa watu wa sokoni, huku Waziri akivumilia umeme wa kawaida. Nikampigia fundi wa mitambo.

"Leo zamu ya utulivu ni ya nani?"

"Soko, bosi. Kama jana. Kama juzi."

"Ihamishie Wizarani."

"Bosi, umekula lakini?"

"Viongozi kwanza. Zima. Yaani, tuliza."

Wizarani viyoyozi vikakata roho. Lifti ikasimama katikati ya ghorofa mbili, Waziri akiwa ndani pamoja na wageni waliokuja kujifunza mseto wetu.

"Msemaji," sauti yake ikanifikia koridoni kupitia mlango wa lifti, "umeme umekatika."

"Hapana, Mheshimiwa. Unazalishwa. Tena kwa wingi."

"Washeni jenereta."

"Lina moshi, Mheshimiwa. Ulisema moshi ni aibu mbele ya wageni."

Mgeni mmoja akauliza kwa upole utulivu huu kwa kawaida huchukua muda gani. Waziri, ambaye hakuwahi kuutumia, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Nani kauleta upuuzi huu Wizarani?"

"Mimi."

"Utaniomba radhi. Sasa hivi, wageni wakisikia."

Simu yangu ikatetemeka. Alikuwa dada, lakini maneno yake sikuyapata. Yalizamishwa na milio ya vifaranga waliokwisha kutoka magandani, wengi, wenye njaa na kelele kama kikao cha bajeti.

Nikausogelea mlango wa lifti, nikasafisha koo.

"Mheshimiwa," nikasema, "siombi."