Harufu ya Kiwanda

Jumatatu, 20 Januari

Ukungu mzito. Habari nzito zaidi! Mshenga amepiga simu: wazee wa Pranjit wanakuja Jumapili kutoka Tezpur kumwona binti yangu Junmoni. Kumwona ni namna ya kusema tu. Vijana wenyewe wameshaonana vya kutosha huko chuoni. Mimi nasikia na kujifanya sisikii. Wanapendana. Kilichobaki ni wazee kula tambuu pamoja. Baba wa kijana akichukua tambuu na popoo kwenye sinia langu, mambo yamekwisha. Asipochukua, yamekwisha vilevile.

Tatizo ni moja. Mshenga alipouliza baba wa binti anafanya kazi gani, nilijibu: mpishi wa mianzi, Kiwanda cha Karatasi cha Bokajuri. Ni uongo? Nimesimama juu ya lile pipa la chuma, refu kama ghorofa, nikipika mianzi mpaka iwe uji wa karatasi, tangu nina nywele zangu zote. Kwamba kiwanda kimekufa miaka kadhaa sasa, mshenga hakuuliza.

Mke wangu Nirupoma anataka niwaambie ukweli kabla hawajafika. Nirupoma hajui mipango.

Jumanne, 21 Januari

Nimepata wazo! Nilikuwa naoga.

Kiwanda kilipokuwa hai, mtu alikijua kwa harufu, kwa moshi na kwa king'ora. Harufu ilikuwa ya yai viza na kabichi iliyooza. Iliingia kwenye wali, kwenye shuka, kwenye nywele za maharusi. Wageni walikuwa wakiziba pua. Sisi tuliiita harufu ya mshahara. Siku ilipokatika, watu walitoka nje, wakavuta hewa safi, wakalia. Nami nililia.

Sasa basi. Wageni watakaa barazani kwangu, si kiwandani. Wakisikia harufu, wakaona moshi, wakasikia king'ora, nani atauliza habari za mashine? Rahisi kabisa.

Jumatano, 22 Januari

Imenibidi kwenda kwa Phatik Deka. Aibu tupu. Phatik ni jirani yangu, na zamani alikuwa idara ya kukata na kufunga. Sisi wapishi tuliwaona watu wa kufunga kama washona magunia. Wao walituita wapika supu. Lakini Phatik ana ufunguo wa kipaza sauti cha nyumba ya ibada, na mlinzi wa kiwanda ni shemeji yake.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema, "Kaka Dimbeswar, unataka kuoza binti au kuoza kabichi?" Kisha akatoa sharti: mbele ya wageni atambulishwe kama bosi wangu. Bosi! Mtu aliyekuwa akihangaika na kamba!

Nimekubali. Kwa ajili ya mtoto mtu hukubali mengi. Junmoni yuko kwenye mtambo wake wa kufumia, anafuma kitambaa cheupe chenye maua mekundu cha kumvika bwana harusi. Anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto huyu huimba.

Ijumaa, 24 Januari

Jaribio la harufu. Kabichi zilizooza nimezipata sokoni bure, akina mama wakinitazama kwa huruma. Mayai ya bata, viza, nimemnyang'anya bata mwenyewe. Nikapika uani kwenye sufuria kubwa la sherehe. Haikutosha. Ilikosa ukali. Nikaongeza mtungi mzima wa Nirupoma wa machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, aliokuwa ameuweka kwa ajili ya samaki wa wageni.

Hapo ikaja! Ileile! Nilisimama nimefumba macho kama niko juu ya pipa.

Nirupoma alikuwa na ya kwake ya kusema. Sitayaandika.

Jirani mmoja akatuma mtu kuuliza nani amefariki. Kisha likatokea jambo nisilolitegemea. Mzee Haladhar, mwenzetu wa zamani kiwandani, ambaye siku hizi hajui hata jina la mwanawe, alitoka nje amevaa buti za kazi, kopo la chakula mkononi. Akanusa. Akatabasamu. Akaniuliza ni zamu gani, akasema amechelewa. Mkamwana wake alikuja kumshika mkono, akamrudisha polepole, na mzee analia kwamba watamkata siku.

Nilijisikia vibaya sana. Mpaka wakati wa chai.

Jumapili, 26 Januari

Ushindi!

Walikuja asubuhi: baba mtu, Golok Saikia, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole wa miwani minene, na dada yake, shangazi wa kijana. Suruali ya mwalimu ilikuwa imejaa kishona nguo hadi magotini. Sijui walipitia wapi, njia ya kuja kwangu haina magugu.

Harufu ilikuwa kamili. Shangazi aliziba pua kwa upindo wa nguo yake. Nikamwomba radhi, nikasema ndiyo kazi, mkwe, leo tumepika mianzi mingi. Moshi nao ukaanza kupanda nyuma ya miti. Mweusi tii! Phatik alichoma matairi.

Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kazi inaendelea. Nikasema inaendelea. Akauliza, hata leo, Siku ya Jamhuri? Nikasema pipa halijui sikukuu. Kisha akasema viwanda vingi vimefungwa siku hizi, wala si aibu ya mfanyakazi. Akasema hata yeye, shule yake iliwahi kukaa bila mishahara, akauza biringanya barabarani na wanafunzi wake wakinunua. Nikamwonea huruma. Nikamwambia sisi Bokajuri, tunashukuru, hatuna shida hizo.

Junmoni alikuwa analeta chai. Alisimama mlangoni na sinia, akanitazama. Nikamwashiria atembee.

Ndipo king'ora kikalia. Yaani Phatik alilia, kwenye kipaza sauti, kwa mdomo wake. Mbwa wote wa Bokajuri wakamwitikia. Baadaye akaja amevaa tai, akajitambulisha kama msimamizi, akanipiga bega na kusema mimi ni kijana mzuri, nikitulia nitafika mbali. Kijana! Mwalimu akamuuliza karatasi zetu tunauza wapi. Phatik akasema Delhi. Mimi wakati huohuo nikasema Kalkata. Tukamalizia pamoja: kote.

Mwalimu akanigeukia mara ya mwisho. Akavua miwani. Akasema, "Mkwe wangu, sisi tukishaoana ni nyumba moja. Kama una jambo la kuniambia, niambie." Nikafikiria sana. Nikamwambia natazamia kupandishwa cheo.

Tambuu hakula. Aliligusa sinia kwa ncha za vidole, akasema watakula siku nyingine. Meno yake yatakuwa mabovu, maskini.

Jumatatu, 27 Januari

Pranjit amempigia Junmoni. Walizungumza muda mfupi. Junmoni akaja akaketi karibu yangu, jambo asilolifanya tangu utotoni, akaniambia bila kupandisha sauti.

Walijua. Tangu mwanzo walijua! Yeye mwenyewe alimwambia Pranjit siku za kwanza kabisa: baba hana kazi, kiwanda kimekufa, kila asubuhi baba anavaa shati la kazi na kwenda kukaa getini. Pranjit akamwambia baba yake. Mwalimu akasema bahati mbaya ya mtu si kosa la bintiye. Jumapili walikuja kukubali. Walishuka kwanza pale kiwandani, mwalimu akaingia ndani kwenye magugu, akatazama kila kitu, ili tukikaa aweze kuzungumza nami kwa urahisi.

"Alikufungulia mlango, baba," Junmoni akasema. "Kila alipoufungua, uliufunga."

Nikamuuliza kama angalau harufu waliiamini.

Aliinuka. Alikwenda uani, akaliosha lile sufuria kwa majivu, akalisugua na kulisugua hata baada ya kung'aa. Mtambo wa kufumia haukusikika leo.

Jumatano, 29 Januari

Matumaini! Mwalimu ametuma maneno kupitia kijana. Hawezi kutafuna tambuu na mtu anayemdanganya usoni. Lakini mlango haujafungwa. Niende mwenyewe Tezpur, na sinia langu, niseme kwa mdomo wangu mbele yao. Sentensi moja tu. Nikisema, atachukua tambuu palepale, na harusi itafanyika kabla ya mvua.

Sentensi moja! Nani anashindwa?

Junmoni amenifanyisha mazoezi jikoni. Alikaa kwenye kigoda, akajifanya mwalimu, hata kuvua miwani isiyokuwepo. Akasema, "Haya baba, sema." Mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili nilianza na historia ya kiwanda. Akanishika mikono. Nikasema: kiwanda kimekufa, sina kazi, nilikudanganya, nisamehe.

Mdomo wangu haukuwahi kutamka hivyo, hata kwa Nirupoma. Nililia kama mtoto. Junmoni naye alilia, kisha akacheka, akasema, "Umeona? Hujafa." Kweli. Nilijisikia mwepesi, kama nimetua gunia. Nimebadilika kabisa. Mimi ni mtu mpya.

Jumamosi, 1 Februari

Tezpur. Kwenda na kurudi. Nimechoka.

Walinipokea vizuri mno. Mwalimu alinipa kiti chake mwenyewe. Shangazi alileta keki za mchele na ufuta. Pranjit alisimama mlangoni, kijana mrefu, anauma ukucha. Nikaweka sinia chini, tambuu mbichi, popoo, juu yake kitambaa cheupe cha kufunikia.

Nikasema, "Kiwanda…"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Polepole, kwa upole, kama mtu anayemngoja mgonjwa ameze dawa. Na ule upole ndio ulioniponza. Ananihurumia! Mimi, niliyekuwa nikigusa chuma kwa kiganja na kujua mianzi imeiva! Nilitazama sinia. Nilitazama kandambili zangu. Nikausikia mdomo unaendelea wenyewe.

Kiwanda kimepata mnunuzi, nikasema. Kinafunguliwa Jumatatu. Mimi wameniita wa kwanza.

Hakuna aliyenikatiza. Pranjit alitoka nje. Mwalimu alikunjua kile kitambaa, akayafunika majani yangu vizuri, kona kwa kona, akanisogezea sinia magotini. Kisha akanisindikiza mpaka stendi, akanibebea mwavuli njia nzima. Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama.

Junmoni alikuwa ananingoja barabarani, amevaa nguo yake ya hariri. Umeme umekatika tangu asubuhi na simu yake imezima, kwa hiyo hakujua lolote. Aliniuliza nimesema?

Nikamwambia nimesema.

Aliinama akanigusa miguu kwa heshima. Mbele ya watu wote, kwenye vumbi. Akasema, "Nilijua utaweza, baba." Nilitaka ardhi inimeze.

Sasa yuko kwenye mtambo wake, anamalizia kitambaa cha bwana harusi. Nausikia ninavyoandika. Sijawahi kumsikia akifuma haraka hivi, na anaimba.

Umeme ukirudi, Pranjit atapiga. Lakini tusikate tamaa, kilichobaki si kikubwa: kiwanda kifunguliwe Jumatatu, basi. Nimeshapita kwa Phatik, anatafuta matairi. Kabichi nitazifuata mwenyewe kesho alfajiri.