Kifaransa cha Jikoni kwa Bibi Albertine

Alhamisi, 3 Februari 1983

Mkutano wa wazazi tunaodai darasa la Kifaransa, maktaba ya shule. Chai nyepesi, biskuti ngumu. Habari mbaya: Alhamisi ijayo bodi ya shule itapiga kura kuamua kama darasa la Kifaransa lifunguliwe Septemba au lizikwe. Darasa ambamo mtoto angejifunza kila kitu kwa Kifaransa: hesabu, nyimbo, hata kugombezwa. Binti yangu Tessa angekuwa wa kwanza kuingia.

Muriel Stackhouse, mwenyekiti wetu, akauliza nani atazungumza mbele ya bodi. Wote wakamtazama Muriel. Kila mara Muriel! Nikasimama. Nikasema bodi isisikie hoja tu, isikie lugha yenyewe, na mimi nimelelewa nayo. Muriel akauliza, kwa ile sauti yake ya asali, kama naizungumza vizuri. Nikajibu: kama maji.

Ukweli ni huu. Likizo zote za utoto nilikaa kwa bibi yangu, Albertine Ouellette, kule kaskazini mtoni, ambako hata mbwa walifukuzwa kwa Kifaransa. Nilikielewa chote. Kisha nikakua, nikaja huku kwa wasemaji wa Kiingereza kuuza mazulia, kikanitoka taratibu kama nywele.

Glenda, mke wangu, amecheka mpaka akakaa chini. Anasema juzi nilimsalimia muuza jibini kutoka Quebec, nikamwambia kwaheri.

Ijumaa, 4 Februari

Wazo! Tumbo kwanza, hotuba baadaye. Kesho naandaa staftahi katika ukumbi wa shule: chapati za maji za Bibi, zile za kupikwa upande mmoja, zenye matundu juu yanayofyonza siagi na asali ya utomvu wa miti ya maple. Bwana Harley Boone, mwenyekiti wa bodi, amekubali kuja. Akionja moja tu, kura ni yetu. Muriel akauliza kama nina kipimo cha unga. Nikamwambia kwa Bibi hapakuwa na vipimo. Palikuwa na mkono.

Nimelala kitandani nikiuona mkono huo. Unga hadi kwenye kiwiko. Redio ikilia juu ya friji, dirisha limefunga ukungu, nami nimesimama juu ya kiti nikihesabu matundu.

Jumamosi, 5 Februari

Sitaki kuandika.

Naandika. Chapati ziling'ang'ania kikaango kama rangi ukutani. Nikaongeza maji. Zikawa uji. Ukumbi umejaa, watu wameshika sahani, Bwana Boone mbele kabisa na leso shingoni. Nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba huu ni uji wa asili wa Wafaransa wa mtoni. Bwana Boone akanywa kijiko kimoja. Akauliza kama Wafaransa wa mtoni bado wapo hai.

Ndipo Muriel akaingia na maboksi mawili ya maandazi ya dukani. Alikuwa ameyaweka garini tayari! Yaani alijua! Watu wakamshangilia. Nikala manne kwa hasira.

Jumapili, 6 Februari

Theluji. Sikutoka. Tessa akanikuta jikoni nasugua kikaango, akataka nimfundishe Kifaransa chote kabla ya chakula cha mchana. Nikamfundisha kijiko, maziwa, mlango, na neno ambalo Bibi alimwambia paka akiiba nyama. Hilo la mwisho amelishika vizuri sana. Glenda anauliza maana yake. Nimesema ni aina ya ua.

Tessa akauliza Bibi Albertine alikuwa akisema nini kingine. Nikarudi kusugua kikaango. Miezi yake ya mwisho pale hospitali, Bibi alikisahau Kiingereza chote, akabaki na Kifaransa kitupu. Nilikaa naye, nikamshika mkono, kila aliposema neno nikaitikia "oui", yaani ndiyo. Oui, oui. Mpaka leo sijui niliitikia nini.

Jumanne, 8 Februari

Nimefunga duka, nimeendesha gari kaskazini asubuhi nzima hadi kwa Mjomba Léonide, mdogo wake Bibi. Mpango: aniandikie hotuba, niikariri, nirudi nikiwa mtaalamu.

Aliniona mlangoni akasema, "Kumbe Wendell! Umenenepa, mwanangu. Ingia, ingia." Hotuba akaitunga upesi, hotuba ya kumliza jiwe. Lakini kila nikirudia sentensi moja, yeye anakumbuka kisa. Mara Albertine alivyomrushia padri kiatu akidhani ni mwizi. Mara mimi mwenyewe nilivyoanguka kwenye pipa la molasi. Tukacheka mpaka akavua miwani. Chai ikapoa, hotuba ikakaa mezani.

Nikamweleza habari za hospitali. Nikamtolea ile sauti moja niliyokumbuka, kwa jinsi ilivyobaki masikioni mwangu. Mjomba akavaa tena miwani. Kisha akasema, "Alikuwa anakuuliza kama umekula."

Nikamwambia mimi nilikuwa naitikia ndiyo tu.

"Basi ulimjibu vizuri. Albertine hakuwa anataka jibu lingine."

Nimesimamisha gari mara mbili njiani. Ukungu kwenye kioo, nadhani.

Alhamisi, 10 Februari

Ukumbi wa bodi. Suti ya harusi, kifungo kimoja hakifungi. Mjomba Léonide amepanda basi kuja kunisikiliza, kakaa kiti cha nyuma na kofia magotini. Nikasimama. Nikaanza: Mabibi na mabwana. Safi kabisa! Muriel mwenyewe akainua kichwa.

Hapo mtu aliyechelewa akafungua mlango, upepo wa theluji ukaingia, na hotuba yote ikanitoka kichwani. Yote! Mdomo ukaendelea wenyewe, kwa Kifaransa, kwa sauti ya Bibi: Funga mlango, wee, tunapasha joto ulimwengu mzima! Vua viatu! Nawa mikono! Njoo ukae, mbona umekonda hivyo, umekula?

Wajumbe wakatazamana. Kutoka nyuma Mjomba akajibu kwa nguvu, kwa Kifaransa, "Nakuja, Albertine!" Akafunika uso kwa kofia.

Bwana Boone akamuuliza nimesema nini. Mjomba akafuta macho, akasema, "Mengi, bwana. Yote ya maana."

Kisha Muriel akasimama. Idadi ya watoto, mwalimu aliye tayari, chumba kilicho wazi. Hakuinua sauti. Akamalizia kwamba kuna nyumba nyingi hapa mjini ambamo lugha hii ilikuwa ikizungumzwa mezani, akanitazama mimi, akakaa.

Kura nne kwa tatu. Tumeshinda! Wazazi wakakumbatiana. Bwana Boone akampa Muriel mkono. Mimi akaniambia nikitoka nifunge mlango.

Mjomba amelala kwetu. Yeye na Tessa wako jikoni, namsikia mtoto akimtajia lile ua. Mjomba anacheka hadi anakohoa. Nimesimama kwenye korido, sitaki kuingia, sitaki waache.

Jumatatu, 14 Februari

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Ni wazi kura ile ya nne niliileta mimi. Glenda hakubali wala hakatai, anaosha vyombo.

Leo meya ametangaza mbele yetu ukumbini kwamba timu ya wazee wa mpira wa magongo wa barafuni kutoka Quebec itakaa hapa mjini wiki nzima mwezi Machi, nao hawajui neno la Kiingereza. Anatafutwa mkalimani: karamuni, kanisani, na pia kwa daktari wa meno kama itatokea haja. Muriel alikuwa anafungua mdomo.

Nilimwahi. Nikainua mikono yote miwili.