Ulos Juu ya Meza ya Sataranji

Jumatatu, 10 Juni

Binti yangu Tiur anacheza Jumamosi! Hapa hapa Balige, ukumbi wa wilaya, ana kwa ana, sataranji ya mbao, si ya simu! Atakayeshinda anakwenda mjini Medan kutuwakilisha. Miaka kumi na moja tu! Kwenye simu ameshawatoa jasho watu wazima wa nchi ambazo hata kuzitamka siwezi. Mimi niliishia darasa la sita. Akili hizo kazitoa wapi? Kwangu, wapi tena.

Sokoni nimemwambia kila mwenye masikio. Mama Rotua, muuza vitunguu, ambaye binti yake ana kikombe kabatini, akasema simu haina macho. Tiur akikaziwa macho atalia. Nikamjibu atafute leso mapema, ya Rotua.

Jumanne, 11 Juni

Mpango. Nimempeleka Tiur duka la kahawa akakomae. Wanaume wetu wakikaa kwenye sataranji, kelele kama mnada. Mzee Sihol akamtania kuwa farasi wake amechoka, ampe majani. Tiur, macho kwenye kete: "Babu, mlinde kwanza malkia wako." Akamla malkia! Nilipiga vigelegele mpaka kahawa ya watu ikamwagika.

Kasoro moja. Aligusa kete, akaghairi, akashika nyingine. Duka zima likamzomea: ukigusa, umecheza! Kwenye simu hakuna hilo. Nimemwagiza aikalie mikono yake.

Alhamisi, 13 Juni

Akili bila baraka haitoshi. Kaka yangu Parlin lazima amfunike Tiur ulos mabegani, shuka yetu ya kufumwa. Baraka ya mjomba, kwetu Wabatak, nani aishinde? Mjomba wa Rotua yuko mbali, Jakarta. Ha! Parlin kaapa atafika kabla ya mchezo wa kwanza.

Tiur kaomba afunikwe nyumbani. Watoto! Nyumbani nani ataiona?

Jumamosi, 15 Juni

Parlin kachelewa, kama kawaida yake. Tiur akashinda bila yeye. Akashinda tena. Akashinda tena! Mchezo wa mwisho, na nani? Rotua!

Ukumbi kimya. Mwamuzi alishanionya kuhusu kukohoa. Tiur yuko mbele, hata mimi naona: Rotua kabakiwa na kete za kuhurumiwa. Ndipo Parlin akaingia na koti lake, jasho tele, ulos mkononi. Ningemzuia? Mjomba hazuiliwi. Nikamsukuma mbele. Akaanza kuomba kwa sauti ya kanisani, akaitandaza ulos mabegani mwa Tiur, na matamvua yakafagia meza. Wafalme wote wawili chini!

Mama Rotua akapiga ukunga: "Wezi! Wameona wanashindwa!" Wanashindwa nani? Mwamuzi akanitoa nje pamoja na Parlin. Akasema kete zisiporudi zilipokuwa, Tiur ameshindwa. Moyo wangu, jamani!

Nikachungulia dirishani. Mtoto hakulia. Akaokota kete moja moja, akazirudisha mahali pake. Mwamuzi akamuuliza Rotua kama ndivyo zilivyokuwa. Rotua akazitazama sana, kisha akaitikia kwa kichwa. Mtoto muungwana, sijui kamrithi nani.

Wakaendelea. Tiur aliikalia mikono yake, ulos bado mabegani, hakuivua. Mwishowe Rotua akamlaza mfalme wake, akampa mkono. Tiur kashinda! Nilicheza barabarani. Parlin alilia.

Jumapili, 16 Juni

Mwamuzi aliniambia, kwa adabu, akiniita mama kwa lugha yetu, "Inang, binti yako alicheza vizuri zaidi ulipokuwa nje." Nimemsamehe. Kilichoshinda ni ulos, hata kipofu ameona.

Tiur kaniomba jambo moja tu: Medan, ulos ile ibaki sandukuni. Nikamwahidi. Nimeifungia kwa mkono wangu mwenyewe. Ahadi ni ahadi.

Kisha, ibada ilipokwisha, nikasimama kanisani nikatangaza: shangazi, wajomba, ukoo mzima, na Mama Rotua pia, waje Medan, Jumamosi tarehe 29, asubuhi na mapema, kila nyumba na ulos yake.