Nguzo ya Saba

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa ukutani! Jengo la makao makuu ya Benki Kuu linatimiza miaka hamsini, na anatafutwa mtu wa kuwatembeza wageni. Majaribio kesho, mkurugenzi anachagua Ijumaa. Miaka kumi na tisa napiga mihuri chumba cha barua, chini kabisa, hata dirisha hakuna. Basi imetosha. Nimemwambia mke wangu kazi nimeshaipata. Kafurahi, kaniagizia suti kwa fundi. Mshindani ni mmoja tu: shemeji, mdogo wake, mwendesha lifti. Baba yao ndiye mwashi aliyezijenga nguzo za ukumbi wa mbele, kwa hiyo shemeji anajua kila jiwe lilikotoka. Lakini mawe yanachosha.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaanza. Kuba, marumaru, uzito wa mlango wa hazina. Wageni wakapiga miayo. Zamu yangu! Nguzo kumi na mbili, nikagonga ya saba. Ikalia tupu! Ulimi ukanitangulia. Nikasema mjenzi mkuu alificha humo kipande cha kwanza cha dhahabu ya nchi, na anayegonga mara tatu hapungukiwi maishani. Wakapanga foleni. Kipaji hiki kilikuwa kinaozea kwenye mihuri.

Jumatano, 5 Machi
Watu zaidi ya hamsini. Wanagonga kwa funguo, bibi mmoja kwa mkongojo. Chokaa inadondoka. Shemeji kanivuta pembeni: ndani kuna bomba la maji ya mvua kutoka paani, baba yake alilipitisha mwenyewe. Nikamwambia aache wivu. Mkurugenzi nimemwona akigonga, akidhani hakuna anayemwona. Mara tatu!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mkurugenzi kaita mafundi watoboe tundu dogo, apate picha ya dhahabu kwa kijitabu cha maadhimisho. Nje mvua inamwagika. Nikasema ni mwiko kuitoboa. Hakuna aliyenisikiliza. Maji yakaruka, yakamlowesha mkurugenzi kifua kizima, yakashuka hadi zulia jekundu la ukumbini. Shemeji kaleta ndoo. Baba mkwe kaitwa aje kuziba. Kaja na mwiko wake wa zamani, kaziba taratibu. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, miaka yote hii tunakula meza moja. Kwa nini hukuniuliza?"

Niliona aibu. Nimeapa: tangu leo, ukweli mtupu.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi kapewa shemeji. Suti nayo imekamilika, imenikaa vizuri mno, inauma zaidi. Mke wangu hasemi nami. Adhabu yangu: kusimama kando ya nguzo ya saba kutwa nzima, kuzuia watu wasigonge, mpaka hadithi isahaulike.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesimama, suti mwilini. Mgeni mmoja kaniuliza mbona nguzo kumi na moja hazina mlinzi, hii inaye. Nikakumbuka kiapo. Kwa hiyo sikumdanganya hata neno moja. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikamwambia siruhusiwi kusema. Mchana karudi na wenzake thelathini. Shemeji kabaki kwenye kuba na wageni wawili.

Walipoondoka nimeigonga ya nane, polepole, kwa kidole tu. Nayo inalia tupu!