Injini ya Wakwe Imegoma Kushuka

Jamani, mimi leo sina uso. Ule niliokuwa nao nimeuacha ufukweni Muleba.

Mnaomjua Asimwe mnajua tulipofikia. Barua ya posa imeshaandikwa, na mshenga anaipeleka kwao Jumamosi ijayo. Baba yake ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Tangu tufahamiane ameniuliza swali moja tu: "Unafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Fundi injini, mzee. Za aina zote." (Za aina zote! Mimi ninayetengeneza pikipiki na jenereta hapa Nshambya, Bukoba! Injini za boti nimeshika mbili maishani, na moja ilikuwa imeshakufa.)

Leo saa moja asubuhi simu ikaita. Asimwe.

"Baba anakuita. Kwaya inasubiriwa kisiwani kwenye harusi saa sita, na boti imegoma. Nahodha yuko msibani Karagwe."

"Imegoma vipi?"

"Injini iko juu, haishuki. Nimemwambia baba wewe utaiweza. Usiniangushe."

Nikavaa suruali ya kitambaa, ile nyeusi inayobana. (Fundi gani anaingia ziwani na suruali ya kitambaa? Fundi anayetaka kuoa.) Nikawasha pikipiki mpaka Muleba.

Nafika, pua ya boti iko mchangani, nyuma iko majini. Injini imeinuliwa, propela iko hewani. Kwaya nzima imekaa kwenye nyasi na majoho yao, Asimwe akiwemo. Mbele yao, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mama yake Asimwe. Mama mkwe mtarajiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana balaa lote liko hapa. Injini kama hii unaikagua ukiwa ndani ya boti. Unaenda nyuma kabisa, unainama, unaitazama. Lakini ukiinama pale, makalio yako yanatazama ufukweni. Na ufukweni yuko nani? Mama mkwe! Bibi yangu wa Kanazi amenilea akiniambia kwamba mama mkwe hapewi mgongo, na kuinama mbele yake ndiyo hata usifikirie.

Basi nikavua viatu, nikaingia ziwani mpaka kiunoni, nikazunguka nyuma ya injini. Uso wangu ukawa unatazamana na wakwe. Adabu imetimia. Injini yenyewe siioni vizuri, naipapasa kwa chini kama mtu anayetafuta sabuni iliyozama kwenye beseni.

"Mzee," nikamwambia baba yake Asimwe aliyekuwa amepanda botini, "naomba ubonyeze swichi ya kushusha."

Akabonyeza. Pampu ikanguruma, vuuu. Injini haikusogea.

Nikafurahi. Pampu ikinguruma maana yake betri ni nzima, fyuzi ni nzima, nyaya zinapitisha umeme. Nikayasema yote hayo kwa sauti, ili na waliokaa nyuma wasikie. Asimwe akatabasamu. Mama yake akanyoosha kidole kuelekea kwenye boti.

"Mwanangu, hapo juu kuna kile kichuma..."

"Usijali mama, haya ni mambo ya haidroliki."

(Nimemkatiza mama mkwe. Makalio nimeyaficha, mdomo nimeuachia.)

Nikafungua kifuniko cha oili. Imejaa. Nikahamia kwenye skrubu ya dharura. Hii ipo pembeni, chini. Ukiilegeza, presha inatoka na injini inashuka kwa uzito wake yenyewe. Nikailegeza. Injini ikabaki pale pale. Nikaining'inia kwa mikono miwili, miguu ikaacha mchanga. Wapi!

"Fundi," mama akaita tena, "nahodha huwa..."

"Mama, nahodha ni dereva tu. Huu ni ufundi."

Saa tano na nusu ikapigwa simu kutoka kisiwani. Bibi harusi amefika kanisani, kwaya iko wapi? Kila mtu akanitazama. Nikatoa hukumu.

"Mzee, silinda imekufa. Hapa mpaka kifaa kitoke Mwanza."

Mzee akavua kofia kama tuko makaburini. Wanakwaya wakaanza kuvua majoho. Asimwe hakutabasamu tena.

Ndipo mama akainuka. Yeye hupeleka ndizi kisiwani kila wiki, na hukaa nyuma kabisa, karibu na nahodha. Akakaza kitenge juu ya gauni, akapanda botini.

"Fundi, waitu, njoo huku ndani," akaniita kwa upole wa Kihaya.

Nikapanda, maji yananichuruzika.

"Inama."

"Mama, mimi..."

"Inama uangalie."

Nikainama. Kando ya injini, mahali ambapo mtu yeyote aliye ndani ya boti anapaona, kuna kichuma kifupi. Nahodha hukigeuza kuishikilia injini juu boti ikiegeshwa. Alikigeuza akaenda zake msibani. Silinda nzima. Pampu nzima. Kibovu pale nilikuwa mimi.

"Nilitaka kukwambia," mama akasema taratibu, "ukasema haidroliki."

Na wakati huo huo suruali ikasema praaa! Kitambaa kilicholowa, kinachobana, nimeinama. Nguo ya ndani ilikuwa ya njano. (Nawaambia mwenyewe kabla wanakwaya hawajawaambia.)

"Mawe!" mtu wa sauti ya kwanza akapiga yowe la Kihaya, yaani mama wee!

Nikaona bora nimalize haraka, nife baadaye. Nikawaita wanaume wawili wa besi wainyanyue injini kidogo. Nikakigeuza kichuma. Wakaiachia, mimi nikiwa bado nimeiegemea.

Ile skrubu ya dharura sikuwa nimeikaza.

Injini ikaporomoka yote kwa mkupuo, na mimi juu yake. Kichwa kikaingia ziwani, miguu ikabaki ndani ya boti. Na kile nilichokificha asubuhi nzima kikawa kinatazamana na mama mkwe, karibu kuliko ambavyo kingekuwa kama angebaki kwenye kiti chake!

Nilipoibuka, mama alikuwa amefungua kitenge chake na kutazama pembeni. Akanirushia. "Jifunge."

Nikajifunga, nikakaza skrubu, tukajaribu swichi. Juu, chini, juu, chini. Safi kabisa. Mmoja wa wale wa besi, mvuvi aliyezoea injini ndogo za kuinua kwa mkono, akashika usukani. Mzee akapanda wa mwisho. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kitenge.

"Za aina zote," akasema. Basi.

Wakaondoka. Walianza kuimba, wimbo ukakatika katikati, nikasikia kicheko kinasafiri juu ya maji. Asimwe alikuwa amefunika uso kwa joho. Sijui kama analia au anacheka, na sijui lipi ni baya zaidi. Nikaendesha pikipiki mpaka Bukoba na kitenge cha mama mkwe kiunoni.

Sasa niko nyumbani, nimekifua, nimekianika. Asimwe ametuma ujumbe mmoja tu: "Mama anataka kitenge chake Jumamosi. Amesema ukilete mwenyewe." Kuhusu posa, hakuna neno.

Kwa hiyo Jumamosi mshenga atabeba barua, na mimi nitatembea nyuma yake nimebeba kitenge. Anayecheka hapo aje akibebe yeye.